Nyasi kwenye Sakafu ya Saruji

Mwaka ule mama alikuwa bado analala kwenye msonge wake, nyuma ya migomba yetu hapa Kirushya. Ni nyumba ya duara, nyasi tupu kuanzia kileleni mpaka chini, na ilikuwa imeanza kuinama upande wa bondeni. Nguzo ya kati ilikuwa imeliwa na mchwa. Kila asubuhi, ukungu ukiwa umejaa bonde zima na vilima vimebaki kama visiwa, niliitazama nikajua kwamba mvua za vuli hazitaiacha imesimama.

Nilikuwa nimemwandalia chumba kwangu, karibu kabisa. Mara ya kwanza nilimsifia sakafu: ni saruji, inafagiliwa mara moja, haina viroboto. Akasema atafikiri. Mara ya pili nikamsifia tena sakafu, naye akaniuliza kama nimeshapanda maharage. Mara ya tatu niliidekia mpaka ikang'aa, nikamleta aione. Alisimama mlangoni, akavua ndala moja, akaigusa sakafu kwa kidole gumba cha mguu kama mtu anayepima maji ya mto. Kisha akavaa ndala yake na kurudi kwake.

Mimi ni mwalimu, na nimezoea kufikiri kwamba mtu asipoelewa, ni lazima nieleze upya. Sikuwaza kwamba huenda mama alikuwa ameelewa tangu mwanzo.

Jumamosi moja tulikuwa tumeketi mlangoni pake tukipukuchua maharage. Nilikuwa na kitabu mapajani, nikiandaa somo la watu wa nchi za baridi. Mama akaitupia jicho picha iliyokuwa kwenye ukurasa.

"Huo msonge mweupe ni wa nani?"

Nilimweleza kuwa ni nyumba ya Wainuit, watu wa kaskazini ya mbali, ambako bahari yenyewe huganda. Theluji alikuwa hajaiona, basi nikamwambia aikumbuke mvua ya mawe ilivyolala chini ya migomba, kisha auwazie weupe ule umefunika vilima vyote na hauyeyuki kwa miezi. Alifumba macho, na mimi pia nikajikuta nimeuona: Kirushya nyeupe, kimya, moshi mmoja tu ukipanda.

Nikaendelea polepole. Theluji ngumu hukatwa kwa kisu, vipande vikapangwa kwa kuzunguka, kila kimoja kikiinama kidogo kumwelekea mwenzake, mpaka juu pakafunga. Mlango huwekwa chini, watu wakaingia kwa kutambaa, ili baridi ibaki huko chini. Ndani huwaka taa ya jiwe inayotumia mafuta ya sili, mnyama wa baharini, na mwanamke ndiye huitunza.

"Na wanalala juu ya mvua ya mawe?"

Nikacheka. Nikamwambia hapana, hujenga jukwaa la theluji, wakatandika matawi ya vichaka, halafu ngozi za wanyama, ndipo wakalala.

"Na siku hizi?"

Siku hizi, nilisema, wengi wanaishi kwenye nyumba za mbao zenye joto. Lakini bado wanatoka kwenda kuwinda na kuvua, na wakubwa huwafundisha watoto kukata theluji. Nyumba ile huyeyuka kila mwaka. Ujuzi wa kuijenga ndio haujayeyuka.

Mama aliendelea kupukuchua. Niliona vidole vyake vimepunguza mwendo.

"Hao watu wana akili," alisema hatimaye. "Hata kwenye barafu wanatandika. Wewe mwalimu mzima unataka nikanyage jiwe tupu."

Nilichungulia ndani, nyuma yake. Katika msonge wake, tangu nilipozaliwa, sakafu ilitandikwa nyasi mbichi, na zilipokauka zilitolewa zikawekwa nyingine. Mimi nilijifunza kutembea juu ya nyasi hizo. Na miezi mitatu nilikuwa nimemsifia kile kile kilichomkimbiza.

Sikungoja Jumatatu. Nilishuka bondeni na mundu, nikakata mzigo wa nyasi laini, nikazitandaza chumbani kutoka ukutani hadi ukutani. Harufu yake ilijaza nyumba yote. Mama alikuja na kigoda chake, akavua ndala zote mbili, akaingia. Alitembea mpaka dirishani akarudi, taratibu, halafu akaketi.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, siku chache baadaye, tukiwa tunamenya ndizi. Tuliutazama msonge kupitia dirishani. Haukuanguka kwa kishindo. Ulipiga magoti upande wa bondeni, kama ng'ombe anayelala, ukatulia. Nilimgeukia mama, nikitafuta neno la kumpa.

"Hizi zimeshaanza kukauka," alisema, akisogeza nyasi kwa unyayo. "Utakata nyingine lini?"

Nikamwambia kesho, mvua ikikatika.