Lori Langu na Uchochoro wa Kwetu Njombe

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi tena. Nimeona lori langu mwenyewe likiteremka mlima kinyumenyume bila dereva, nikalikimbilia na kulitegea gogo. Nimeona Mzungu wa shamba la miwati akilia machozi kwa sababu ya mvua ya mawe. Nilianza maisha na shoka la kuazima, darasa la pili sikulimaliza, na leo ukishuka Makambako ukauliza nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, hata mtoto anayechunga mbuzi atakuonyesha. Kwa hiyo juzi nilipopanda Njombe kuchukua viazi, nikakuta uchochoro wetu wa utotoni umekuwa barabara, sikushangaa. Niliingiza lori mpaka mwisho, nikaligeuza, nikazima injini. Utingo wangu akauliza, "Mzee, tunapakia nini hapa?" Nikamwambia hatupakii kitu. Tukakaa kidogo, kisha tukaondoka.

Rafiki yangu, wewe hukuujua uchochoro ule, kwa hiyo acha nikueleze. Ulianzia barabara ya boma ukateremka mpaka kijitoni, na pande zote mbili ulikuwa na ua wa matete. Kila mwaka kila nyumba ilisogeza ua wake mbele kidogo ili ipate mstari mmoja zaidi wa maharage. Hakuna aliyemshitaki mwenzake, maana wote walikuwa wezi wa shamba moja. Mwisho wake njia ikabaki nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kupishana. Ukikutana na mtu, mmoja wenu lazima aingie langoni kwa mwenye nyumba, na ukishaingia kwa mtu huwezi kusimama kama mwizi. Utasema kamwene, utaulizwa mama hajambo, kikohozi kimepoa, ng'ombe amezaa. Mimi nilikuwa natumwa maji asubuhi ukungu ukiwa bado chini, nikirudi jua limetoka, na mama haulizi nilikuwa wapi. Alijua nilikuwa napisha watu.

Mpaka sasa pua yangu inakumbuka moshi wa kuni mbichi, samadi, na viazi vinavyoiva majivuni. Tulikula ugali wa ulezi na majani ya maboga, na siku ya sherehe kande za njegere. Masikio yangu yanakumbuka mawe ya kusagia, nyumba hii ikianza na ile ikiitikia, na kengele ya kanisa juu kule. Tulikuwa watu wa kanisa, pombe hatunywi. Mzee wa kanisa aliyekaa katikati ya uchochoro alikuwa na mianzi yake, na ulanzi wake, maji yanayogemwa kwenye mianzi hiyo, aliunywa asubuhi, ukiwa mtamu, kabla haujawa pombe. Ni saa ngapi hasa unapogeuka kuwa pombe, hiyo hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Tulifika pale kutoka Wanging'ombe. Baba alikuwa ameandikwa manamba, akaenda kukata mkonge, na mkonge haukumrudisha. Mama akapata kazi ya kufua misheni, akapewa nyumba ya mwisho kabisa kule chini, karibu na kijito. Tulikuja na mkokoteni wa ng'ombe, mama, mimi, na dada yangu mdogo ambaye alikuwa bado wa mgongoni. Mkokoteni ukasimama kwenye mdomo wa uchochoro, kwa sababu hata ng'ombe mmoja asingepita bila kula ua wa watu. Mama akasimama na vitu vyake chini, hamjui mtu.

Jirani wa nyumba ya kwanza akatoka. Alikuwa mama mnene, sauti yake ilisikika mpaka kijitoni bila yeye kujisumbua.

"Kamwene. Unahamia wapi, dada?"

"Nyumba ya mwisho, mama."

Yule mama hakuuliza zaidi. Akageukia chini, akapiga ukelele: "Simameni!"

Mimi nilidhani tunafukuzwa. Lakini watu wakatoka, kila mmoja akasimama mbele ya lango lake, na palipokuwa na nafasi kati ya lango na lango akasimama mtoto mkubwa au mgeni wa mtu. Mstari ukafika mpaka mlangoni kwetu. Kisha vitu vikaanza kwenda. Hakuna aliyepiga hatua, wala hapakuwa na pa kupiga hatua hiyo. Kitu kilitoka mkono huu kikaingia mkono ule, na kila aliyekipokea alikuwa na neno lake.

"Jiwe hili la kusagia zito kama mume!"

"Basi lishike vizuri. Wa kwako si alikuponyoka?"

"Kitanda kimoja, watoto wawili. Mama mtu unalala wapi, juani?"

Mtungi ulipomfikia mzee wa kanisa, akauinamia akanusa. "Dada, humu mlikuwa na nini?"

"Togwa, mzee."

"Togwa ya siku ngapi?"

Uchochoro mzima ukacheka, na mama akacheka nao. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu habari za baba. Dada yangu akapelekwa mikononi kama kikapu cha mayai. Mimi nikasema nitatembea. Jirani mnene akaninyanyua kwa makwapa: "Na huyu mwenye kichwa kama boga, anakwenda nyumba gani?" Nikapitishwa. Nakumbuka mikono yenye harufu ya majivu, mikono ya maziwa, mikono ya sabuni. Mguu wangu haukugusa ardhi mpaka mlangoni kwetu, na ndani tukakuta makaa yanawaka tayari, mtu ameyatoa jikoni kwake. Hakuna aliyelipwa hata kikombe cha togwa. Ndivyo ilivyokuwa pale. Anayeingia na anayetoka, uchochoro unasimama.

Mara moja tu niliona haukusimama. Palikuwa na mzee mmoja mgeni aliyebaki kwetu tangu vita vya Mjerumani, alikuja akibeba mizigo ya askari na hakurudi kwao, wala hakuna aliyejua kwao ni wapi. Akafia hospitali ya boma. Boma likaleta vibarua wa kulipwa kutoa vitu vyake, na milango yote ikafungwa. Ilikuwa lazima ifungwe. Kitu cha mtu aliyekufa hana ndugu ukikigusa, au hata ukikiona kinavyotoka, kesho akitokea ndugu atakuuliza kilikwenda wapi. Mama alitushika mimi na dada gizani mle ndani, nje tukasikia miguu ya wageni inapita. Akatuambia, "Mkiona vitu vya mtu vinatolewa na watu wa kulipwa, jueni amekufa, na hana mtu."

Basi. Miaka ikaenda, na mimi nikawa mimi. Nikakata miti, nikauza magome ya miwati, nikanunua lori la kwanza kwa Mhindi likiwa halina milango, nikalitia milango. Wenzangu waliomaliza shule wananiandikia barua za kuomba kazi, na namlipa mtu anisomee. Dada akaolewa Kidugala. Mama akabaki peke yake kule chini, na baridi ya Njombe ikaanza kumwingia kifuani. Nikamjengea chumba nyumbani kwangu Makambako, kina saruji chini na dirisha la kioo. Alikataa mwaka wa kwanza, akakataa wa pili. Wa tatu, baada ya kuvuna viazi, akatuma neno: njoo unichukue, uje Jumapili baada ya ibada, watu wawepo.

Nikaja Alhamisi. Alhamisi lori lilikuwa na mzigo wa kuleta boma, na Jumapili lilikuwa na safari ya Iringa. Mtu mwenye gari hapangi siku kama mtu mwenye jembe. Lori likasimama pale pale uliposimama mkokoteni, kwa sababu ile ile. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda misheni kuaga. Watu walikuwa mashambani. Jirani wa nyumba ya kwanza alikuwepo, sasa amekonda na meno yameondoka, ila sauti ile ile.

"Mwanangu, ngoja jioni. Watu wakirudi tutasimama."

"Mama, gari halingoji. Likisimama linakula pesa."

"Linakula likisimama? Hata ng'ombe wangu anakula akisimama, na sijamkimbiza."

Nikacheka, nikapanda boma. Nyuma ya boma walikuwa wamekaa vijana wa kutoka Makete, wanasubiri kuchukuliwa manamba, hawana kazi, wamejikunyata ukutani kwa baridi. Nikachukua sita. Shilingi mbili kila mtu, nikawaambia, na hapa Njombe hakuna anayelipa hivyo. Mkubwa wao alivaa kofia ya sufu. Akauliza vitu ni vya nani. Nikasema vya mama yangu, nyumba ya mwisho. Akavua kofia. "Pole sana, bwana," akasema. Nikamjibu ahsante. Nilidhani ananipa pole ya gari langu kushindwa na ule uchochoro.

Walipoingia, mlango mmoja ukafungwa, kisha mwingine. Walikuwa wamebaki wanawake wawili watatu, na wazee. Wa mwisho kufunga alikuwa jirani wa nyumba ya kwanza. Alinitazama kwanza, kisha akausukuma mlango polepole, kama mtu anayefunika chungu. Nilijua maana yake. Nikajiambia hayo ni mambo ya enzi ya mkokoteni.

Kazi ilikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Vijana wale walibeba mmoja nyuma ya mwingine, kimya, kwa adabu. Mimi nilikuwa juu ya lori na utingo tunapanga. Ndipo mama akatokea barabarani, na mtandio wake wa kanisani, akataka kuingia kwake. Kitanda kilikuwa kinatoka.

"Tupishe, bibi," kijana wa kofia akasema. "Tunatoa vitu vya marehemu."

"Marehemu yupi, baba?"

"Mama wa nyumba ya mwisho. Mwanawe yule pale, mwenye koti."

Mama akanitazama. Akaitazama milango, mmoja mmoja, mpaka macho yake yalipofika mwisho wa kuona.

"Ahaa," akasema. "Alikuwa mtu mzuri?"

"Hatukumjua, bibi."

"Mimi nilimjua. Piteni."

Akajibana kwenye matete, kitanda chake kikampita. Nikashuka garini. Nikamwambia, mama, panda mbele, nimekutandikia blanketi jipya.

"Maiti hapandi mbele na dereva, mwanangu."

"Mama, hawa ni vibarua tu. Wamekosea maneno."

"Wao hawakukosea. Wameona milango." Alisema taratibu, bila kunigombeza, afadhali angenigombeza. "Mimi humu niliingia sina mtu, nikapokewa. Leo mtu ninaye, wa kwangu wa kuzaa, na ananitoa kama sina."

"Makambako hakuna atakayejua tulivyotoka."

"Mimi nitajua. Waambie wavirudishe."

Nikamwambia basi nitakuja Jumapili, nifute safari ya Iringa. Akatikisa kichwa. Watu wameshamfungia milango, akasema, hawezi kuwaomba tena wamsimamie. Mtu hahamishwi mara mbili, mara maiti, mara mzima. Nikaongea sana. Mimi ni mtu wa kuongea, nimewashusha bei Wahindi na Wazungu. Siku ile niliongea mpaka maneno yakaisha, na mama alikuwa amekaa juu ya jiwe lake la kusagia, kando ya tairi, anangoja niishe.

Nikamwita kijana wa kofia. Akajikuna. "Kurudisha ni kazi nyingine, bwana. Tena ile ya kwanza tulikufanyia rahisi kwa huruma. Kama mwenyewe yu hai, bei yake ni nyingine." Utingo akataka kucheka, akaniona uso, akageuka kukagua tairi. Nikalipa. Walirudisha kila kitu, mama mbele akiwaonyesha pa kuweka, na kwa kuwa sasa alikuwepo mwenye vitu, milango ikafunguka. Jirani wa nyumba ya kwanza akatoka na makaa kwenye kigae, akampita kijana wa kofia bila kumtazama, akaenda kuwasha moto kule chini. Mimi nikabaki barabarani. Sikusikia hasira wala aibu. Hata baridi sikuisikia, na ilikuwa mwezi ule ambao majani huamka meupe. Nikapiga lori hendeli, nikaondoka.

Mama alikaa mle misimu miwili mingine ya baridi, na wa pili ukamchukua. Baadaye boma likapitisha barabara, ua wa matete ukang'olewa, watu wakahamia kwa watoto wao, mmoja mmoja. Nani aliwabebea vitu sijui. Siku hizi mtu akihama Njombe lori linafika mpaka kizingitini, linapakia, linaondoka, na aliye nyumba ya pili anakuja kujua wiki inayofuata. Ni rahisi zaidi. Mimi mwenyewe nafanya kazi hiyo, na nafanya vizuri kuliko wote hapa. Hakuna anayepisha mtu tena, kwa hiyo hakuna anayejua kikohozi cha nani kimepoa.

Chumba kile cha Makambako nimetia mbegu za viazi. Wageni wananiuliza kwa nini viazi vina dirisha la kioo, nawaambia nilikuwa na mpango ukabadilika. Hesabu ya siku ile ninayo kichwani, sihitaji karatasi wala wa kunisomea: vibarua wa kutoa, vibarua wa kurudisha, petroli ya kwenda na kurudi, na blanketi. Shilingi sitini na mbili na senti arobaini.