Mwanangu Anawanyoosha Mama za Watu Ng'ambo, Kwangu Ataka Radhi Tu

Dada unayetuwekea visa vyetu hapa, pokea salamu zangu nyingi, na jina langu nakuomba ulifiche. Huku kwetu Mombasa hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Baba watoto hajambo, ni kifua tu kinamsumbua tangu aache ukuli pale bandarini Kilindini. Mwanangu mkubwa hajambo, mkewe hajambo. Wajukuu hawajambo, yule wa kwanza ameng'oka meno ya mbele na kila mgeni lazima aonyeshwe pengo. Bi Swafia, mwenye nyumba tunayopanga hapa Mji wa Kale mpaka tumekuwa kama ndugu, naye hajambo. Mwenye jambo ni mimi.

Mimi ni Mkristo, umri wangu miaka hamsini na minane, shule niliiachia darasa la nne. Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mnivumilie.

Kitinda mimba wangu nitamwita Riziki. Nilimsomesha kwa mahamri niliyokuwa nikikanda na kuuza karibu na soko la Marikiti. Kazi yake ni ya viungo. Mtu akipooza upande, yeye ndiye wa kumfundisha tena kushika kikombe, kufunga kifungo, kutembea. Alikuwa na kazi nzuri hapa hapa kisiwani. Sasa kanisa letu hutuma watu wenye taaluma zao ng'ambo, mwalimu akafundishe, injinia akachimbe visima, na kwa kazi hiyo watu wamjue Kristo. Riziki akaitika. Nchi sitaitaja. Nilimfungia mizigo mwenyewe, nikamtilia na leso za Biashara Street, na nilifurahi, sitasema uongo. Alisema ni miaka mitatu tu.

Mwaka wa pili kiharusi kikanishika nikiwa nakanda unga. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburura, mdomo ukaenda upande. Hospitalini wakaniambia mkono huu wahitaji mtu anayejua kuunyoosha, kila siku na mapema, la sivyo utakauka ulivyo. Nikamwambia mwanangu mkubwa, mpigie dadako. Akasema, "Mama, akijua atarudi. Watu wa kanisa watatuonaje?" Baba watoto akainuka akaenda zake, na simu haikupigwa.

Haikupita siku, akaja mwenyekiti wa kamati ya umisheni, mwanamke mwenzangu, na mfuko wa machungwa. Akanishika mkono uliokufa, akaubinya, wala hakujua kama ndio wenyewe.

"Dadangu, shetani akimkosa mtumishi hupitia kwa mamake. Ibrahimu alipomtoa Isaka, Sara aliulizwa?"

Nikamwambia, "Hakuulizwa. Lakini Isaka alirudi nyumbani."

Akasema niache kubishana na Neno.

Ilipokaribia ibada ya umisheni wakataka video ya mama akimtia moyo binti yake. Wakanivisha, wakanikalisha kiubavu, mkono wakaufunika kwa leso. Mwenyekiti akanielekeza, "Cheka kwa upande huu, ule mwingine unatisha." Nikacheka kwa upande huo. Kanisani walipiga makofi, nikaitwa mama wa imani. Kwenye kushuka ngazi hakuna aliyenishika.

Nikavumilia, nikijua mitatu inaisha na mwanangu anarudi. Mwezi uliopita nikasikia kwa watu kwamba ameongeza mitatu mingine. Hapo nikashindwa. Nikachukua simu nikamtumia sauti, nikamwambia yote, jioni hiyo akanipigia.

"Mama, nilijua. Niliona kwenye ile video. Bega limeshuka, na ile leso najua ilifunika nini. Ndiyo kazi yangu."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ningeuliza ungenijibu, na ukinijibu ningelazimika kurudi. Huku kuna kina mama hawana mtu. Wewe una baba, una kaka."

"Kakako hajui kuninyoosha hata kidole, mwanangu."

"Nitakutumia mazoezi."

Akatuma kweli. Ni video ya mikono yake imeshika mkono wa mama wa makamo yangu, anaukunjua kidole kimoja kimoja, taratibu, na wote wawili wanacheka. Mahali fulani anamwita kwa neno la kwao. Nikamuuliza neno hilo maana yake nini. Akasema, "Ni mama." Hiyo ndiyo ninayofuatisha kila asubuhi, mkono mmoja ukiuvuta mwingine, na vidole havifunguki.

Sasa Jumapili hii Riziki ataonyeshwa kwenye skrini kanisani, nami natakiwa nisimame mbele ya wote nimpe radhi za hiyo miaka mingine. Amenipigia mwenyewe. "Mama, bila radhi zako sitakuwa na amani. Usinitie aibu." Nikamuuliza, ikiwa radhi zangu ni nzito hivyo, mbona hukuziomba kabla ya kukubali? Akasema mtandao unakatika.

Mwanangu mkubwa aniambia nikikataa nitakuwa nimemlaani dadake, na likimpata lolote huko liko juu yangu. Bi Swafia yeye asema, "Mwenzangu, walia nini? Radhi hazitolewi kwa kamera. Mwambie arudi akutazame kwanza, Mungu hatahama huko."

Nami nimekwama. Nikisema nenda na radhi zangu, nitakuwa nimesema uongo madhabahuni na Mungu anasikia. Nikinyamaza, yule ni mwanangu, yuko nchi ya watu, na mtoto asiye na radhi za mamake sote twajua anavyohangaika. Sina chuki naye. Nataka anishike tu, mkono huu ungali na uhai kidogo.

Ninyi wenye watoto, ninyi mlioacha mama nyumbani, nishaurini, nifanye nini? Nawaomba mnijibu upesi. Jumapili haiko mbali, na gauni la kuvaa wameshaniletea, lina mikono mirefu.