Kuanguka kwa Daktari

Barua ilikuwa na mistari minne tu. Amefeli mtihani wa mifupa na misuli kwa mara ya pili. Jina lake limefutwa chuoni. Kibali chake cha kuishi katika nchi ile ya kigeni kitakwisha baada ya siku tisa. Aliisoma akiwa amesimama kwenye korido ya bweni, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akaitoa tena, kana kwamba huko mfukoni maneno yangeweza kubadilika.

Nyumbani walimwita Daktari tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa mfunga plasta hospitalini: miaka ishirini na sita ya kuchovya bandeji kwenye maji ya vuguvugu na kuzizungusha kwenye mikono na miguu iliyovunjika. Mwanawe alipokuwa mdogo, mama alimshika kiganja na kumpapasisha mfupa mmoja mmoja, kwa hiyo kijana aliijua mifupa kwa vidole kabla ya kuijua kwa majina. Na majina, katika lugha ya watu wale, ndiyo yaliyomponyoka kila alipokaa mbele ya karatasi.

Ubao wa magurudumu aliukuta uvunguni mwa kitanda, umeachwa na mpangaji aliyemtangulia. Alianza kuupanda ili kufupisha njia ya darasani. Kisha asubuhi moja akalipita lango la chuo, miguu ikakataa kusimama, akateleza mpaka kwenye uwanja wa saruji mbele ya maktaba ya mji, ambako vijana walishinda wakiruka ngazi kwa mbao zao. Pale hakuna aliyemuuliza yuko mwaka wa ngapi. Alianguka, akachubuka, akainuka, akaanguka tena. Aliporudi bwenini jioni magoti yalimuuma, lakini kifua kilikuwa chepesi. Kesho yake akalipita tena lango.

Kila Jumapili alimsimulia mama yake mianguko yake, naye alimgombeza huku akicheka. Habari za darasani hakuulizwa sana. Daktari anasoma, kuna la kuuliza?

Basi siku ya barua akapiga simu. Alikuwa amejifunza sentensi yake kama mtu anayejifunza sala.

"Mama, nimeanguka. Itabidi nirudi nyumbani."

"Wee! Si nilikwambia hilo dude litakuvunja? Umeangukia mkono gani?"

Alifungua kinywa aseme mtihani. Ilikuwa kana kwamba mlango umefunguliwa mbele yake, na nyuma yake nyumba inaungua.

"Wa kushoto," alijisikia akisema.

"Vidole vinacheza?"

"Vinacheza kidogo."

"Basi ni kifundo cha mkono. Mtu akianguka hujikinga na kiganja, ndipo kifundo kinapokwenda. Wamekufunga?"

"Wamenifunga."

Sauti ya mama ikalainika. "Rudi upone, baba. Masomo hayakimbii. Mkono ukivunjika nani atakulaumu? Nitawaeleza hapa kazini, wasije wakasema mengine. Ila kesho nitumie picha. Nataka kuona hao wataalamu wenu wanafungaje."

Mwenzake wa chumbani, kijana wa kwao aliyesomea ujenzi wa barabara na kuitwa Injinia, alikuwa amesikia yote akiwa anatafuta soksi.

"Jifunge bandeji upige picha, yaishe."

"Mama anaijua plasta ya uongo hata akiwa amefumba macho. Na baada ya siku tisa atanishika mkono huu kwa mikono yake."

"Basi uvunje kweli," Injinia akasema. "Unao mwingine."

Alicheka peke yake. Soksi aliipata, akaenda darasani. Utani wake ukabaki chumbani.

Kesho yake mchana Daktari alisimama juu ya ngazi za maktaba. Vidato tisa. Kwa miezi saba hakuwahi kuziruka akatua salama. Mara zote alirushwa pembeni kama gunia. Leo alitaka hilo tu. Alijua namna ya kufanya: kiganja cha kushoto mbele, kiwiko kimenyooka, uzito wote juu yake. Mama mwenyewe alikuwa amemfundisha.

Akausukuma ubao. Saruji ikanguruma chini ya magurudumu, kisha ikanyamaza. Hewani alinyoosha mkono. Lakini magoti yalijikunja bila kuulizwa, mabega yakajipanga, nyayo zikaung'ang'ania ubao, na magurudumu manne yakagonga chini pamoja. Akateleza mbele, mzima.

Vijana walipiga makofi na mayowe. Mmoja akamkumbatia.

Alipanda tena. Akatua tena. Mara ya tatu alifumba macho, na mwili ukamwokoa tena, mwili huu mpumbavu, uliojifunza jambo moja tu katika mji mzima na kulijifunza vizuri. Akaketi kwenye kidato cha chini, akauma mkono wa shati ili kilio chake kisisikike.

Kisha akapiga simu.

"Niko kazini, baba, mikono imejaa plasta. Mgonjwa wangu amenibonyezea spika. Picha iko wapi?"

"Mama, zima spika."

"Nizime kwa pua? Sema tu."

Alisikia maji yakichuruzika kwenye beseni. Akilini alimwona mgonjwa, mguu juu ya kiti. Aliwaona wauguzi, ambao tangu asubuhi walikuwa wameelezwa habari za mkono wa Daktari.

"Mkono ni mzima, mama. Sikuanguka na ubao. Nimeanguka mtihani. Mara ya pili. Wamenifukuza."

Maji yaliacha kuchuruzika. Mahali fulani kule kiti kilisogezwa.

"Pole, kijana," ilisema sauti ya mwanamume asiyemjua.

"Nyamaza wewe," mama akamwambia mgonjwa wake.

"Mama?"

"Niliwaambia watu wote," akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeketi chini ghafla. "Mpaka daktari mkuu nimemwambia."

"Najua."

"Na plasta hii inanikaukia mikononi." Bandeji ikaanza tena kuzunguka, taratibu, ikikwaruza. "Usikate simu. Nikimaliza mguu huu nitasema nawe. Usikate."

Hakukata. Vijana waliendelea kuruka juu ya kivuli chake, wakimwita apande, nao mkono wake wa kushoto, mzima kabisa, ulibaki umeishika simu sikioni.