Aliyenyea Debe

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala, na mikono yake haina mchezo. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtaani watu huanza na lile jingine: kwamba alinyea debe miaka mitatu kwa kubeba mbao za wizi kwenye lori, bila kuuliza zimetoka wapi. Siku hizi mtu akifungwa, vijana husema yuko lupango, au ameenda kunyea debe, kisha hao wanacheka. Mimi msemo huo unanichefua. Yeye wala haumsumbui.

Alipotoka alizunguka miezi saba akitafuta kazi. Kila mlango, njoo kesho. Kisha chuo kimoja cha ufundi kikatangaza nafasi ya mwalimu wa useremala. Dada akamkalisha chini.

"Baba watoto, wakikuuliza ulijifunzia wapi, sema kwa mjomba."

"Mjomba gani? Mjomba wangu kinyozi!"

Nilimsindikiza mimi, maana dada alikuwa na wasiwasi. Mkuu wa chuo, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akatutembeza karakana. Mambo yalikwenda vizuri. Ghafla msaidizi wake akapuliza filimbi na kuwafokea wanafunzi: "Hesabu!"

Wanafunzi wakajipanga. Shemeji akachuchumaa. Palepale juu ya maranda, mikono magotini, kichwa chini, vile yeye na wafungwa wenzake walivyohesabiwa gerezani asubuhi na jioni. Nilitamani ardhi inimeze.

"Huyu kanyea debe!" mwanafunzi mmoja akaropoka, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Shemeji akainuka taratibu, akajipangusa.

"Ndiyo, nimelinyea," akasema. "Mnajua msemo wenyewe umetoka wapi? Mlango ukishafungwa jioni, haufunguliwi mpaka asubuhi. Watu arobaini, debe moja kwenye kona, haja zote humo. Mgeni ndiye anayelala karibu nalo. Mimi nililala hapo miezi minne."

Mkuu wa chuo akavaa miwani.

"Na useremala?"

"Nimejifunzia humohumo, mama. Misumari tulinyimwa, askari waliogopa tungeitumia kwa mengine. Basi mzee mmoja wa kifungo cha maisha akatufundisha kuunga mbao kwa mbao, bila msumari hata mmoja."

Akachukua vipande viwili, msumeno, patasi na nyundo. Saa nzima akapima, akakata, akachonga. Alipomaliza, akampa yule mropokaji avitenganishe. Kijana akavuta, akagongagonga, jasho likamtoka. Vipande havikuachia.

"Utaanza Jumatatu," mama akasema. Nilifurahi nusura nipige vigelegele.

"Nashukuru, mama. Ila nina sharti moja."

Nilitaka kumfinya. Miezi saba hana kazi, leo analeta masharti!

"Mshahara?" mama akauliza.

"Hapana. Hawa vijana msiwahesabu. Waiteni kwa majina."