Makombe ya Timu Iliyohama

Shuleni nimefundishwa wafalme kibao wa Uingereza na sikumbuki nani alimkata nani kichwa. Lakini historia ya timu moja ya lakrosi ya ndani, tena ya Kanada, naijua kama sala ya Baba Yetu. Mwalimu ni baba yangu, na darasa ni sebule yetu ya Lewisham, akitoka zamu hospitali.

Lakrosi ya ndani, kwa ambao hamjajaliwa: watu wazima wanalipwa kukimbizana ukumbini na fimbo zenye nyavu, wakigombea kampira kagumu. Ukimtandika mwenzako fimbo ya mgongo, refa anatazama kwanza kama ulikuwa na sababu. Hapa London ni mchezo wa majanini, wa mabinti wa shule za ada kubwa. Baba hajawahi hata kuishika hiyo fimbo. Aliambukizwa na mdogo wake, baba mdogo wangu, mlinzi wa mlango wa ukumbi wa timu hiyo huko Kanada, aliyemtumia jezi. Baba huivaa hadi kanisani, chini ya koti.

Sasa historia. Timu ilizaliwa, ikafungwa, ikafungwa tena, ikachukua makombe mawili, na tajiri wake akaiuza ilipoanza kupendeza. Wachezaji wakahamishwa kama makochi, wakapewa mji mpya na jina jipya. Baadaye mji wa zamani ukaunda timu nyingine, ikapewa jina lile la kwanza. Je, makombe ni ya nani?

Watu wenye akili zao hawaulizi. Baba alisema ni ya mji. Baba mdogo, aliyewafuata wachezaji na kupata mlango mwingine wa kulinda, alisema ni ya waliohama. Wakaitana wasaliti kwenye simu, na tangu Pasaka hawasemezani. Ningecheka tu, ila Desemba Wachaga tunarudi Moshi, na kila mmoja alishaapa: akienda yule, mimi siendi. Yaani mbuzi wangu wa Krismasi alikuwa anaponea kwenye makombe ya Wazungu.

Mama akaitisha kikao cha ukoo, kwa video. Mwenyekiti alikuwa shangazi, dada yao mkubwa, anayeishi peke yake kihambani, kwenye lile shamba la ukoo lenye migomba na kaburi la babu. Alizisikiliza pande zote mbili huku akichambua maharage.

"Huo ukumbi wa mwanzo bado upo?"

"Upo, dada," baba akajibu.

"Na washangiliaji wake walihama?"

"Hapana," baba mdogo akakiri kwa shida.

"Basi hakuna kesi. Aliyebaki nyumbani ndiye mrithi. Aliyeondoka, nani alimfukuza?"

Baba alirukaruka na jezi yake. "Umesikia, mlinda milango?"

Mimi napenda kujifunza. Nikasogelea simu.

"Shikamoo, shangazi. Na kihamba je, sheria ni hiyohiyo?"

Sebule ikawa baridi kuliko mabomba yetu ya Januari. Kwa mila zetu, mwanamke hata kuota kurithi kihamba ni utovu wa adabu, lakini shangazi akaweka ungo chini taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hiyo shule inakusaidia."

"Dada, ngoja kwanza," baba akasema. "Lakrosi ni lakrosi."

"Kikao kimeshaamua."

"Kimeamuaje? Jasho walitoa wachezaji! Unamnyima vipi mtu makombe yake kwa sababu tu alikwenda kutafuta maisha?"

"Si ndicho ninachosema tangu Pasaka, kaka!" ikalia sauti ya Kanada.

"Umesema kweli, mdogo wangu. Nilikuwa sijakuelewa."

Shangazi akarudi kwenye maharage yake. "Rufaa nasikiliza hapahapa, mbele ya kaburi la baba yenu. Desemba. Mje wote wawili. Na hiyo jezi mje nayo, tumbili wananimalizia mahindi, nataka kitu cha kuwatisha."

Tiketi zimeshanunuliwa. Yangu pia ipo, kwa sharti moja la baba: nikifika Moshi nile, nisalimie, nisiulize swali.