Ndevu za Upande Mmoja

Nakumbuka Jumapili moja kule Kibwezi, mwanangu, niliposimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba saratani ya koo imeniacha kabisa. Madaktari wa Nairobi walikuwa wamenichoma kwa mionzi upande wa kulia tu, maana ndiko ugonjwa ulikokuwa. Watu waliimba, mbuzi akachinjwa, na mimi kiongozi wa kwaya nikavimba kichwa.

Mionzi iliniachia kinywa kikavu na shavu la kulia lisiloota ndevu tena. Nikawa nanyoa za kushoto kila Jumamosi nisichekwe.

Daktari aliniambia niwe narudi kuangaliwa. Nilienda mara mbili, nikaacha. Baada ya ushuhuda ule, nani angeniona nikisubiri basi la Nairobi asiseme imani yangu imepungua? Hata kivimbe kilipotokea shingoni kushoto, kama punje ya mbaazi, sikumwambia mke wangu. Niliacha tu ndevu zikue, zikifunike. Ujana una akili nyingi, mwanangu, ila nyingine ni za kujiua.

Mzee Kioko, mzee wa kanisa aliyeitikia "Amina" kutushinda wote siku ile, alinikuta shambani nikimwagilia vitunguu.

"Wewe kijana, hizi ndevu za upande mmoja unafuga za nini?"

Nikainamia vitunguu vyangu. Akanyoosha mkono, akapapasa, akakipata. Nilidhani atanifokea, kumbe macho yalimjaa machozi.

"Ulishukuru ya jana, na mimi nikashukuru. Hii sasa ni ya leo. Mungu hawezi kasirika juu umepanda basi! Kesho tunaenda na wewe, na kanisani nitawaambia mimi mwenyewe."

Tulienda. Saratani ilikuwa imerudi, upande ambao mionzi haikuugusa. Nilipasuliwa, nikachomwa tena, na sauti yangu ya kuimba ikaenda. Niliililia, sikufichi. Lakini daktari alisema ningekawia zaidi, asingekuwa na la kufanya.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi ukipona, shukuru, na siku ya kliniki uende. Ukihisi kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama ulishachinjiwa mbuzi. Na mwenzako ugonjwa ukimrudia, usimuulize imani yake imeenda wapi. Muulize mnaondoka saa ngapi.

Mungu akupe afya na sauti ya kumwimbia hadi uzeeni, mwanangu. Na siku utakapoficha jambo, akuletee Mzee Kioko wako mapema.