Chupa Tatu za Maji ya Chujio

Tarehe tatu Machi 1998, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama katika maabara ya maji mjini Garissa, nikimtazama fundi akipitisha mwali wa taa ndani ya chupa ya tatu ya maji niliyomletea. Nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya bweni ya wasichana, na maji yetu yalitoka mto Tana, mekundu na mazito. Wafadhili walikuwa wametuletea machujio ya udongo yaliyopakwa madini ya fedha yaliyosagwa laini mno, chembe ambazo hadubini ya shule isingeweza kuzionyesha. Miaka mingi baadaye ndipo nilipozisikia zikiitwa chembe za nano.

Wasichana sita walikuwa wamelazwa kwa kuhara kwa sababu ya maji ya mto. Hata hivyo mwalimu mkuu alisema wazi: ikionekana kwamba fedha inavuja, machujio yataondolewa na tutarudia maji ya mto.

Ndani ya kisanduku cheusi cha fundi, maji niliyoyaona safi yaling'aa kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani.

"Basi andika kwamba machujio yameshindwa," nikasema.

"Mwalimu, nimeona chembe. Sijaona fedha." Akafungua chupa, akainusa, akafumba macho. Alikuwa mzaliwa wa Wajir, mtoto wa wafuga ngamia. "Nani alijaza chupa hizi?"

Nilikuwa nasimamia mtihani, nikamwachia mpishi wa shule. Tukaenda jikoni kwake.

"Eeddo," fundi akamwamkia kwa heshima, kama shangazi yake, "chupa zangu ulizifanya nini?"

"Nilifukiza, kama chombo ya maziwa. Inaenda kwa serikali, nibeleke bila moshi? Watasema sisi wachafu!"

"Nilikuwa nimezichemsha," fundi akasema.

"Umechemsha tu? Wallahi, mama yako hakukufundisha kazi!"

Fundi akacheka hadi akaegemea mlango. "Alinifundisha, eeddo. Ndiyo maana pua yangu imejua."

Mimi ningemwaga maji yale na kuanza upya. Yeye aliomba kijinga cha moto kwa mpishi, akafukiza chupa moja safi, na tuliporudi maabara akaijaza maji yaliyokenekwa, yasiyo na chembe, akaiweka kisandukuni. Iking'aa vilevile, akasema, tutajua ni masizi. Isipong'aa, bado tuna shaka. Iling'aa. Kisha akaenda shuleni akachota mwenyewe maji ya chujio kwa chupa isiyofukizwa, na mwali ukapita bila kuonekana. Bado hakutia sahihi. Kwa siku mbili aliyapima maji hayo kwa dawa zake za maabara, akitafuta fedha iliyoyeyuka ambayo taa isingeionyesha, huku mwalimu mkuu akituma mjumbe kila adhuhuri kuuliza jibu. Mjumbe alirudi na salamu tu. Siku ya tatu jibu likaandikwa: hakuna fedha inayovuja, machujio yabaki.

Wiki tano baadaye nilimwandikia:

"Ndugu Fundi, assalamu alaikum. Wasichana wote sita wamerudi darasani, na bweni zima linakunywa maji ya chujio. Nimemweleza mwalimu mkuu kwamba kosa la chupa lilikuwa langu: nilimpa mpishi kazi bila kumpa maelekezo. Nimefundisha kemia miaka tisa, na sijawahi kuwaambia wanafunzi wangu wapime kile wanachodhani wanakijua. Kidato cha tatu wana vipindi viwili Jumanne asubuhi. Tafadhali njoo na kisanduku chako. Nami nitakaa nao kwenye madawati."